Programu gani ya BURE ya kuondoa spaiwea (programu za kupeleleza kompyuta) naweza kuiamini? Kompyuta ya steshenari, Mbeya

DadaSteshenari

Habari za humu wadau, naombeni msaada wenu. Mimi nina steshenari ndogo huku Mwanjelwa Mbeya, kazi zetu ni zile zile, kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua, na kikifika kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB au nafasi za ajira zikitoka basi watu wanajaa wanataka wajaziwe fomu. Nina dekstopu moja ina Windows 10 na laptopu ya zamani yenye Windows 7.

Shida iko kwenye dekstopu. Kuna kidirisha kinachomoka pale chini kulia karibu na saa, chekundu, kinasema kompyuta yako ina virusi bonyeza hapa usafishe, kina nembo ya antivirasi maarufu ambayo mimi humu sijawahi kuiweka. Nakifunga, baada ya muda kinarudi. Chrome nayo ukiifungua haiji Google tena inakuja sehemu nyingine ya kutafutia siijui, na juzi namfungulia mama mmoja imeili yake ikajifungua tabu yenyewe ya mambo ya kubeti na picha za ajabu, yani nilikosa pa kuangalia. Alafu wateja wanalalamika flashi zao wakifika nazo nyumbani mafolda yamegeuka shotikati.

Fundi wa kwanza anataka elfu arobaini afomati, yani afute kila kitu aanze upya, na mimi humo nina kazi za watu. Nikasema nitafute mwenyewe mtandaoni, zinakuja programu kibao kila moja inasema ni ya bure na ni namba moja duniani. Moja niliiskanisha ikasema imekuta matatizo mia nane na kitu, nikibonyeza iondoe inataka nilipie kwa dola.

Sasa swali langu, mtu asiye fundi anajuaje hii ya kuamini na hii ni ya kumpiga? Watu wananiachia namba za NIDA, vyeti, paswedi za akaunti zao za mkopo. Nikiwaza labda kuna mtu mahali anasoma kila ninachochapa kwa kweli sina amani.

---

FundiKihesa

Kamwene dada, pole sana na hongera kwa kuwafikiria wateja wako, wengi hawafiki huko. Mimi niko Iringa, Kihesa, na hicho kidirisha unachokisema nakutana nacho mara nyingi sana kwaiyo vumilia nitaandika kirefu.

Kabla hujadanlodi chochote, kikitokea tena usikifunge haraka, kisome. Kwa juu au pembeni kwenye maandishi madogo kabisa utaona jina la Chrome na jina la saiti fulani ambayo huijui. Ukiliona hilo jua hiyo sio antivirasi wala sio Windows inayosema na wewe, ni notifikesheni ya saiti. Kuna mtu hapo kwenye mashine aliingia saiti ya muvi au ya kubadilisha PDF, ikamwambia bonyeza ruhusu kuthibitisha kwamba wewe sio roboti, akabonyeza, kuanzia hapo ile saiti ina ruhusa ya kukutumia matangazo muda wowote hata kama haujaifungua. Hakuna programu ya kusafisha inayohitajika hapo. Bonyeza zile nukta tatu juu kulia kwenye Chrome, nenda setingi, faragha na usalama, setingi za saiti, notifikesheni, utakuta orodha ya walioruhusiwa. Futa wote. Ukitoka hapo ingia kwenye ekstensheni, zile programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Chrome, chochote usichokijua ondoa, maana huo ukurasa wa kutafutia uliobadilika mara nyingi unaletwa na ekstensheni.

Sasa hilo la uaminifu. Mimi kwa miaka yote ya kazi hii najiuliza kitu kimoja tu, hii ya bure nani anailipia? Kwa sababu kuna watu wanalipwa mshahara kila mwezi kutafuta virusi vipya na kuandika dawa yake, hiyo hela inatoka wapi? Ukipata jibu linaloeleweka endelea, usipolipata kaa nayo mbali.

Chukua Microsoft Defender ambayo tayari unayo humo ndani ya Windows 10. Wanaoilipia ni wanunuzi wa Windows, na Microsoft wana sababu ya kutaka Windows isiaibike. Watu wanaidharau kwa sababu imekuja na kompyuta, wanaona kitu cha kuja nacho hakiwezi kuwa kizuri, lakini hii programu asili yake ni hilo hilo unalolia nalo. Microsoft walinunua kampuni ya GIANT mwezi Desemba 2004, kampuni iliyokuwa inatengeneza programu ya kuondoa spaiwea, ndo ikaja kuwa Windows Defender, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 ikawa antivirasi kamili. Kwenye Windows 7 yako ile Defender ni ya spaiwea tu, haikuwa antivirasi, hilo lijue.

Malwarebytes, wao wana ya kulipia inayolinda muda wote na ya bure inayoskani na kuondoa pale unapoiambia. Yani wanakupa ya bure uone kazi yao, ukipenda ununue. Hiyo biashara inaeleweka. Na AdwCleaner, ambayo Malwarebytes waliinunua 2016, hiyo haiinstoliwi kabisa unaifungua tu inafanya kazi unaifuta, ni ndogo haili bando, na imetengenezwa mahsusi kwa hayo mambo ya matangazo, tulbaa (zile safu za vitufe zinazojiongeza juu ya browsa) na browsa zilizotekwa. Kwa tatizo lako ningeanza na hiyo.

Hiyo iliyokuonyesha matatizo mia nane itoe leo. Hiyo ni mbinu ya zamani sana, wanakuonyesha idadi ya kutisha, ukitazama ndani ni vidakuzi vya browsa (vifaili vidogo ambavyo saiti zinaacha humo) na mafaili ya muda ambayo kila kompyuta inayo, wakikuona umeogopa wanakuuzia dawa. Mganga ndiye mchawi. Desemba 2008 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani watu waliokuwa wanaeneza WinFixer, DriveCleaner, XP Antivirus na nyingine za aina hiyo, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wameshanunua, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru mmoja wao alipe zaidi ya dola milioni 163. Majina yamebadilika toka kipindi kile, mtindo ni ule ule.

Na usidhani jina kubwa linatosha. Avast ni antivirasi kweli na inakamata virusi kweli, ila walikuwa wanakusanya saiti ambazo watumiaji wanatembelea na kuziuza kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, wakaifunga Januari 2020 baada ya waandishi wa habari kulifichua, na Februari 2024 FTC ikawatoza dola milioni 16.5. Yani mtu kaweka programu imlinde asichunguzwe, kumbe inamchunguza yenyewe. Ndo maana narudia, uliza nani analipa.

Namna ya kufanya: safisha Chrome kama nilivyosema, alafu AdwCleaner, alafu Malwarebytes skani nzima, mwisho fungua Windows Security chagua ile skani ya Defender ya ofulaini. Hiyo itazima kompyuta na kuwaka yenyewe na kuskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi, inakamata vile vinavyojificha Windows ikishawaka. Sevu kazi zako kwanza kabla hujaibonyeza.

Malwarebytes ukiiweka inaweza kuja na majaribio ya siku 14 ya ile ya kulipia, zikiisha inarudi kuwa ya bure yenyewe, hauhitaji kutoa kadi wala namba ya simu. Zikiisha hakikisha tu Defender imewaka. Usiweke antivirasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja, zitagombana na mashine itakuwa nzito kama imebeba mbao za Mafinga.

---

Mtukuyu88

Dada mbona rahisi tu, kuna antivirasi pro imeshakrakiwa kabisa, yani imevunjwa itumike bila kuinunua, ina funguo mpaka 2030, jamaa wengi hapa mjini wanaitumia, unalipia elfu tano kwenye flashi unawekewa. Hizo za bure hazina nguvu

---

MwlTehama_Makambako

Mkuu Mtukuyu88 nakuheshimu lakini hapo umempoteza dada yetu na wengine watakaosoma, naomba niseme kwa uwazi.

Kraki ili ifanye kazi inakuambia zima antivirasi kwanza. Kila mtu aliyewahi kuweka kraki ya Office au ya IDM ile ya kudanlodi anajua hiyo hatua. Sasa fikiria, umezima mlinzi, alafu ukampa programu ya mtu usiyemjua ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, alafu unategemea hiyo hiyo ndo iondoe wezi? Lile swali la fundi hapo juu, nani analipia, liulize kwa kraki. Mtu kakaa usiku na mchana kuvunja programu ya watu alafu akaiachia bure dunia nzima, anakula nini? Baadhi yao wanakula paswedi zako. KMSpico ile ya kuaktiveti Windows inajulikana kila mahali, na mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi watu wanaotafuta KMSpico walivyokuwa wanapewa pakiti yenye CryptBot ndani yake, mdudu wa kuiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye browsa. Unapata Windows iliyoaktivetiwa na paswedi zako zimeondoka, na huoni dalili yoyote.

Mimi nafundisha vijana, nikiwaambia hivi wanasema mwalimu hatuna hela. Ni kweli hatuna. Ndo maana Defender ni bure halali, Malwarebytes ya kusafisha ni bure halali, LibreOffice ya kuchapia badala ya Office ni bure halali. Kukosa hela hakutulazimishi kuokota vya hatari wakati salama na yenyewe ni bure.

Kingine dada, mahali pa kudanlodi pana uzito sawa na programu yenyewe. Ukiandika jina la programu kwenye Google matokeo ya kwanza kabisa juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, na matapeli nao wanalipia, wanatengeneza ukurasa unaofanana kabisa na wa kweli. Andika anwani mwenyewe kule juu, malwarebytes.com, na AdwCleaner utaikuta humo humo, microsoft.com kwa vya Microsoft. Zile saiti zenye vitufe vitano vya kijani vya kudanlodi kwenye ukurasa mmoja toka haraka. Na ukiwa na faili una wasiwasi nalo kabla hujalifungua lipeleke virustotal.com, ni ya Google tangu 2012, inalipitisha kwenye antivirasi zaidi ya sitini kwa mpigo. Ikisema moja tu kati ya hizo inaweza ikawa imekosea, zikisema ishirini lifute. Ila usiweke huko vyeti vya wateja wala barua zao, kinachopandishwa kule wengine wanaweza kukiona, peleka programu tu.

---

DadaSteshenari

Wadau asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya kama fundi wa Kihesa alivyosema, kweli kile kidirisha kilikuwa kimeandikwa Chrome kwa maandishi madogo, nilikuwa sijawahi kuyaona kwa sababu macho yote yanaenda kwenye lile neno VIRUSI. Kwenye orodha nimekuta saiti nyingi zimeruhusiwa majina hata hayasomeki, nimefuta zote. Ekstensheni ilikuwepo moja ya kubadilisha PDF nimeitoa. AdwCleaner imekuta vitu na kuviweka karantini (imevifungia pembeni) na sasa Chrome inafungua Google kawaida.

Mtukuyu88 usijisikie vibaya kaka, na mimi nilikuwa nishaletewa hiyo flashi hapa dukani, sikujua tu.

Malwarebytes bado, bando lilikata katikati. Na hapo kwenye flashi kugeuka shotikati na ile Windows 7 mnanisaidiaje? Na hizi paswedi za wateja nifanyeje?

---

Kijana_Iyunga

Shikamoo dada. Niko chuo hapa MUST, ngoja nijibu ya flashi na ya bando maana ndo maisha yetu.

Kuhusu bando usidanlodi vitu vikubwa mara mbili mbili. Defender ina faili la apdeti unaweza kulichukua kwenye saiti ya Microsoft kwenye kompyuta nyingine salama yenye waifai, linazidi mega mia, unalibeba kwenye flashi unalibonyeza kwenye mashine yako inakuwa imepata taarifa mpya. Kuna na Microsoft Safety Scanner, programu yao nyingine ya kuskani na kuondoa virusi, hiyo nayo haiinstoliwi, ila inakufa siku 10 baada ya kuidanlodi kwaiyo usiihifadhi ukidhani utaitumia mwakani, unachukua mpya ukiihitaji. Wanafanya hivo makusudi usiskani na taarifa za zamani.

Shotikati kwenye flashi mafaili hayajapotea, yamefichwa tu na kirusi kimeweka shotikati mbele, ukibonyeza shotikati unakiamsha kirusi alafu ndo kinakufungulia folda usishtuke. Kwaiyo USIBONYEZE. Skani flashi kwanza na Defender, bonyeza kulia kwenye flashi chagua kuskani, kirusi kikiondoka fungua ile windo nyeusi ya cmd uandike hivi, kama flashi yako ni E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

mafolda yatarudi kuonekana, hizo shotikati unazifuta. Ila ukisafisha flashi na kompyuta yenyewe bado ina kirusi kitarudi hapo hapo, anza na kompyuta.

Kingine hakijaguswa. Programu yoyote ya kuskani haioni kifaa. Kuna vidude vidogo kama adapta ya USB vinachomekwa katikati ya waya wa kibodi na kompyuta, vinarekodi kila herufi, na sehemu kama steshenari na intaneti kafe ambapo watu wengi wanapita ndo pa kuangalia. Geuza dekstopu yako, fuata waya wa kibodi kwa mkono mpaka unapoingilia, usikute kitu katikati. Ni dakika moja tu

---

FundiKihesa

Huyo kijana kaongea point kuhusu kibodi, mimi mwenyewe nilisahau kuitaja.

Windows 7: Microsoft waliacha kuitengenezea viraka vya kuziba matundu ya usalama tangu Januari 2020. Hapo hakuna antivirasi ya bure wala ya kulipia itakayoifanya iwe salama kwa mambo ya paswedi za watu. Iache ifanye kazi ya kuchapa na kuprinti, toa intaneti kabisa, na flashi ya mteja ikiingia ipite kwanza kwenye dekstopu iskaniwe. Kama unataka iingie mtandaoni basi tafuta mtu akuwekee Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ni bure, nimeweka kwenye laptopu chakavu za watu na zinachapa na LibreOffice bila shida, ila jaribu kwanza kama printa yako inakubali.

Na hata dekstopu, Windows 10 imeisha muda wake tarehe 14 Oktoba 2025. Defender wamesema wataendelea kuipa taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028 lakini Windows yenyewe matundu hayazibwi tena, labda uingie kwenye ule mpango wao wa nyongeza unaofika Oktoba 2026. Kama mashine inakubali Windows 11 ihamishe, isipokubali ingia kwenye huo mpango kwanza huku unajipanga.

Elfu arobaini ya kufomati usitoe kwanza. Ila Malwarebytes na ile skani ya ofulaini zikikuta kitu kilichoandikwa ni cha kuiba paswedi, hapo mimi ningehamisha nyaraka tu, sio programu, alafu nifomati. Hapo kufomati kuna maana.

---

MwlTehama_Makambako

Paswedi za wateja dada yangu ndo jambo kubwa kuliko yote humu na nafurahi umeuliza.

Wadudu wa siku hizi hawana haja ya kusubiri uchape, wanabeba zile ambazo Chrome imezihifadhi. Kwaiyo ingia setingi za Chrome, sehemu ya paswedi, futa za wateja zote na zima kabisa ile ya kuuliza nihifadhi. Akaunti za wateja fungua kwenye dirisha la siri, lile linalojisahau likifungwa, na mteja akimaliza atoke mwenyewe mbele yako. Hiyo kazi isubiri mpaka mashine iwe imepita skani zote tatu, AdwCleaner, Malwarebytes na ile ya ofulaini, hata kama foleni ni ndefu, waambie waje kesho.

Paswedi zako mwenyewe, imeili na benki, badilisha kwa simu, usibadilishie kwenye hiyo dekstopu kabla haijawa safi maana utakuwa unampa mwizi mpya. Kwenye akaunti ya Google kuna sehemu inaonyesha vifaa vyote vilivyoingia, vitoe vyote, kwa sababu mwizi akishabeba vidakuzi vya browsa, vile vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, anaweza kubaki ndani hata ukibadilisha paswedi. Weka na uthibitisho wa hatua mbili.

Alafu waambie wateja. Najua ni ngumu, unaogopa watahamia duka la jirani. Lakini yule mwanafunzi ambaye akaunti yake ya mkopo ipo kwenye mashine hiyo ana haki ya kujua abadilishe paswedi mapema, na tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, mtu anayeshika taarifa za wenzake anatakiwa kuzilinda. Bandika karatasi ukutani, uliyefungua akaunti hapa badilisha paswedi yako, tumia simu yako mwenyewe. Na zile skani za vitambulisho na vyeti zilizojazana kwenye dekstopu, kazi ikishaisha mkabidhi mwenyewe alafu futa na pipa la takataka limwage.

---

DadaSteshenari

Ndaga fijo wote. Kibodi nimeangalia, waya unaingia moja kwa moja hamna kitu. Malwarebytes imemaliza sasa hivi, imekuta vitu vichache vyote imeviita programu zisizotakiwa, hamna kilichoandikwa cha kuiba paswedi. Naweka skani ya ofulaini nikifunga duka jioni. Karatasi nimeshaiprinti nabandika pale juu ya mashine ya kopi, na akaunti za HESLB nimewaambia vijana wawili waliokuwa kwenye foleni warudi kesho, wameelewa.